Mto huu mzima au mgonjwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu njia za kupima ubora wa mito na maziwa

Maswali haya nimeyakusanya nikitembea na vijana kando ya mito inayomwaga maji kwenye hori zetu za Mombasa, yaani mikono ya bahari inayoingia bara: Kombeni na Tsalu upande wa Tudor, Mwache upande wa Port Reitz. Wanaouliza ni walimu, wavuvi, akina mama wanaochota, na mara nyingine mtu aliyeshika ripoti yenye namba kubwa na rangi ya kijani, anataka kujua kama aiamini. Nimejibu kama ninavyojibu pale mtoni.

Alama ya ubora wa maji ni kitu gani?

Ukipima maji vizuri unarudi na orodha ndefu: oksijeni iliyoyeyuka, pH, nitreti, fosfeti, tope, chumvi, bakteria wa kinyesi. Diwani au mzazi hawezi kuisoma. Basi wataalamu wakabuni hesabu ya kuigeuza orodha yote kuwa namba moja, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 100, halafu wakaigawa kwa madaraja: bora sana, nzuri, wastani, mbaya, mbaya sana.

Robert Horton alitoa hesabu ya kwanza ya namna hii Marekani mwaka 1965. Mwaka 1970 ikaja iliyopata umaarufu zaidi, ile ya wakfu wa usafi na afya wa kule Marekani wenye kifupisho NSF. Wataalamu 142 waliulizwa kwa madodoso ni vipimo gani vyenye maana zaidi, na kila kimoja kipewe uzito gani. Vikabaki 9. Oksijeni ilipewa uzito mkubwa kuliko vyote, 0.17, ikifuatwa na bakteria wa kinyesi, 0.16. Jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka na kuelea ikapewa mdogo kuliko vyote, 0.07.

Uzito huo ni maoni ya watu. Walikuwa watu wenye elimu, na walifikiria mito ya kwao. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kisima cha Kisauni kilicho hatua chache kutoka choo cha shimo.

Kwa nini mto mmoja unapata "nzuri" kwa njia moja na "mbaya sana" kwa nyingine? Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya, na swali hili ndilo moyo wa jambo zima. Tuchukue mfano wa hesabu.

Tuseme vipimo 9 vimeshageuzwa kuwa alama. Vinane vimepata 90 kila kimoja: maji hayana tope, pH iko sawa, oksijeni tele, nitreti kidogo. Kimoja tu kimeanguka. Bakteria wa kinyesi wamejaa, kimepata 10.

Njia ya kwanza ya NSF huzidisha kila alama kwa uzito wake halafu hujumlisha. Nane zinatoa 75.6, bakteria wanatoa 1.6. Jumla ni 77.2, na kwa madaraja yao, kuanzia 70 hadi 90 ni "nzuri". Mto una kinyesi, na cheti kinasema nzuri.

Baadaye hesabu hiyo ilibadilishwa, badala ya kujumlisha ikawa alama zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikipandishwa kipeo cha uzito wake. Alama zilezile sasa zinatoa 63.3, yaani "wastani". Afadhali kidogo.

Jimbo la Oregon, Marekani, lina wastani wa namna nyingine, usiokipa kipimo chochote uzito zaidi ya kingine na unaoziacha alama ndogo zivute zote chini. Ukiingiza alama zetu 9 katika hesabu hiyo unapata 28.6. Kwao chochote chini ya 60 ni "mbaya sana". Na tazama jambo hili: hata ile 77.2 iliyoitwa nzuri kule NSF, kwenye madaraja ya Oregon ingeitwa "mbaya", maana wao huanza kusema "nzuri" kwenye 85.

Mwisho kuna njia rahisi kuliko zote: chukua alama ya chini kabisa uitangaze. 10.

Maji ni yaleyale, ndoo ni ileile. Namba zinatoka 77 hadi 10 kwa sababu ya hesabu peke yake. Ndiyo maana mtu akiniambia "mto wetu una alama 77", humwuliza kwanza: kwa hesabu ya nani, na kipimo gani kilipata alama ya chini?

Kwa mito ambayo watu huchota, huoga na kuvua, mimi nasimama na njia inayoacha kipimo kibovu kionekane. Wastani ni mzuri kwa kulinganisha miaka. Kwa kumwambia mama ateke au asiteke, wastani ni hatari.

Njia ya Kanada ikoje? Naona inatumika sana kwenye ripoti za Afrika.

Ilitolewa mwaka 2001 na baraza la mawaziri wa mazingira wa Kanada. Inapendwa kwa sababu haikulazimishi vipimo fulani. Unachagua vyako na viwango vya nchi yako. Inauliza mambo matatu: ni vipimo vingapi vimevuka kiwango, vimevuka mara ngapi, na vimevuka kwa kiasi gani. Makosa hayo matatu yanaunganishwa na kutolewa kwenye 100. Wanataka angalau vipimo vinne, vilivyochukuliwa angalau mara nne.

Mfano: umepima vitu 8 mara 4. Saba viko sawa siku zote. Kimoja kimevuka kila mara, tena mara kumi ya kiwango. Utapata takriban 68, daraja la tatu kati ya matano. Nayo pia inaficha, ingawa si sana.

Lakini kuna shimo ambalo wengi hutumbukia. Kupima "kwa kiasi gani" unagawanya ulichopata kwa kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango chetu Kenya cha bakteria wa kinyesi aina ya E. koli kwenye vyanzo vya maji ya nyumbani ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Basi mwandishi wa ripoti ama huweka namba ya kubuni mahali pa sifuri, ama huwaondoa bakteria kabisa kwenye hesabu. Ukisoma ripoti ya mto wa Kenya iliyotumia njia hii, tafuta kwanza bakteria wamewekwa wapi.

Kenya yenyewe inatumia njia gani?

Kisheria tunatumia viwango, kipimo kwa kipimo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kiwe na pH kati ya 6.5 na 8.5, vitu vinavyoelea visizidi miligramu 30 kwa lita, nitreti isizidi 10, vitu vilivyoyeyuka visizidi 1,200, na E. koli asiwepo kabisa. Usimamizi wa mito na vyanzo uko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Kimataifa kuna kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kinachoratibiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Pale mto au ziwa huhesabiwa kuwa na hali nzuri ikiwa asilimia 80 au zaidi ya vipimo vimefikia malengo. Vipimo vya msingi kwa mto ni vitano: oksijeni, chumvi, naitrojeni, fosforasi na pH. Bakteria wa kinyesi hawamo kwenye vitano hivyo. Nia yake ni kujua afya ya mto wenyewe, si usalama wa kikombe chako. Wengi hawatofautishi mambo hayo mawili, na hapo ndipo watoto huugua kando ya mto ulioandikwa "hali nzuri".

Na Wazungu wa Ulaya?

Tangu mwaka 2000 wana agizo moja la pamoja lenye madaraja matano, na sharti gumu: daraja la mto ni daraja la kipimo chake kibovu kuliko vyote. Kikianguka kimoja, mto wote umeanguka. Watu wengi hulalamika kwamba sharti hilo halionyeshi maendeleo, kwa sababu unaweza kusafisha mambo manne na bado ukabaki na daraja lilelile kwa ajili ya la tano. Lalamiko hilo ni la kweli. Hata hivyo naona ugumu wao una heshima kwa mto.

Tumesikia mto unaweza kupimwa kwa wadudu. Ni kweli?

Kweli kabisa, na ndiyo njia ninayoipenda kufundisha, kwa sababu mtoto wa darasa la sita anaiweza na hailazimu maabara.

Kemia inakwambia maji yalivyokuwa dakika ile ulipochota. Mdudu anayeishi mtoni miezi kadhaa hana pa kukimbilia. Sumu ikipita usiku, asubuhi hayupo, hata kama maji yameshakuwa safi machoni. Waingereza walikuwa na mfumo wa kuwapa wadudu alama 1 hadi 10 tangu miaka ya 1970. Afrika Kusini wakatengeneza wao, SASS, na kutoka humo ikatoka miniSASS ya wananchi, yenye vikundi 13 tu. Tanzania nao wana wa kwao, TARISS, uliopimwa kwenye mito ya huko.

Kwenye miniSASS unatikisa mawe na majani ndani ya chandarua, unamwaga kwenye beseni jeupe, unatazama nani yumo. Minyoo alama 2, ruba 2, funza wa nzi na mbu 2, konokono 4, kaa na uduvi 6, watoto wa kereng'ende wakubwa 6. Kundi moja la wadudu wa chini ya mawe, wanaopenda maji ya baridi yanayokwenda kasi, hupewa 17, kwa sababu wao hufa mapema kuliko wote. Jumlisha, gawa kwa idadi ya vikundi ulivyoona. Ukipata minyoo, ruba, funza na konokono peke yao, wastani ni 2.5: mto unaumwa sana. Hauhesabu idadi ya wadudu, unahesabu aina.

Mipaka yake uijue. Haitumiki kwenye ziwa, bwawa, wala penye maji ya chumvi. Baada ya mafuriko ngojea, maana wadudu wamezolewa. Na kijito kinachokauka kila kiangazi, kama vilivyo vingi vya nyuma ya Mombasa, kinaweza kupata alama ndogo bila kosa la mtu yeyote. Kilinganishe na kijito kingine kinachokauka hivyohivyo, usikilinganishe na mto wa milimani.

Unaweza pia kupima kwa samaki. Mmarekani James Karr alitoa njia hiyo mwaka 1981, ikiangalia mambo 12 ya jamii ya samaki. Inahitaji mtu anayewajua samaki wa mto ule mmoja mmoja. Tunao wavuvi wenye elimu hiyo, ila hawaulizwi.

Naweza kutumia njia hizi kwenye hori la Tudor au Mtwapa?

Zile za mito, hapana. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona ripoti ya hori letu iliyotumia alama ya mito ya Marekani, ikatoa "mbaya sana", na sababu kubwa ilikuwa chumvi. Bahari haina kosa kuwa na chumvi.

Horini kuna jambo jingine: maji kujaa na kupwa. Ukichota maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvua, yanapojaa na kupwa sana, umepima Bahari ya Hindi. Ukichota mwisho wa kupwa, umepima yanayotoka mitaani na mtoni. Sehemu ileile, siku ileile, unaweza kupata majibu mawili yasiyofanana. Andika saa, andika maji yalikuwa yanakuja au yanatoka, andika kama ni bamvua au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mvuvi yeyote wa Jomvu atakwambia hayo kabla hujamaliza kuuliza.

Kinachofaa kupimwa horini ni bakteria wa kinyesi, oksijeni wakati wa alfajiri, naitrojeni na fosforasi, na metali nzito kwenye tope la chini, ambako kaa na chaza wanaishi. Kila kimoja kitangazwe peke yake.

Joto letu linabadilisha kitu?

Sana. Maji ya mto yenye nyuzi joto 10 hubeba oksijeni miligramu 11 hivi kwa lita. Yenye nyuzi 30, kama yetu, hayawezi kubeba hata 8, yawe safi namna gani. Maji ya bahari hubeba pungufu zaidi. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa kwa miligramu kutoka nchi ya baridi kitatuonea. Tumia asilimia ya kile ambacho maji yanaweza kubeba kwa joto lile.

Maziwa yanapimwaje?

Ziwa halikimbii, ndiyo tofauti. Kinachoingia hukaa. Swali kubwa la ziwa ni rutuba: fosforasi nyingi, mwani mwingi, oksijeni inaisha chini, samaki wanakufa.

Chombo cha zamani kuliko vyote bado ndicho bora kwa bei. Ni sahani yenye rangi nyeupe na nyeusi unayoishusha kwa kamba mpaka isionekane. Imepewa jina la Angelo Secchi, padri wa Kiitalia na mtaalamu wa nyota, aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Mwaka 1977 Robert Carlson akaiingiza kwenye alama yake ya rutuba: sahani ikipotea kwenye kina cha mita 4, alama 40, mita 2, alama 50, mita 1, alama 60, nusu mita, alama 70. Hapa alama kubwa haimaanishi ziwa bora. Wengi hukosea hapo, wakasoma 70 kama mtihani wa shule.

Carlson alitoa pia hesabu ya kijani cha mwani na ya fosforasi, na ukiziweka tatu pamoja zinasema mengi. Pwani yetu ina maziwa mawili kule Taita Taveta yanayofundisha hili vizuri. Chala liko ndani ya shimo la volkano, kina chake kinazidi mita 90, linalishwa na maji ya chini ya ardhi, sahani huzama mbali. Jipe ni la kina kifupi, linapokea Mto Lumi na udongo wake. Kwenye ziwa la namna hiyo sahani hupotea upesi kwa sababu ya tope, hata mwani ukiwa kidogo. Ukitumia sahani peke yake utasema ziwa limejaa mwani, na tiba utakayopendekeza itakuwa ya ugonjwa mwingine. Sahani ikisema 70 na kijani cha mwani kikasema 50, tafuta udongo unatoka shamba gani.

Halafu kuna maziwa ya magadi. Ziwa Nakuru pH yake kwa kawaida hupita 9. Kwa alama yoyote ya maji ya kunywa limefeli, na heroe walilipenda kwa sababu ya mwani uleule unaokua kwenye magadi hayo. Ziwa la namna hiyo lilinganishwe na lenyewe la zamani.

Setilaiti haziwezi kutufanyia kazi hii?

Kwa Ziwa Victoria, zinasaidia kuona mwani na gugumaji. Kwa Mto Kombeni, ambao kijana anauvuka kwa kuruka wakati wa kiangazi, hapana. Na hakuna setilaiti inayoona bakteria wa kinyesi.

Nichote lini na vipi?

Alfajiri oksijeni huwa chini kabisa, kwa sababu mimea ya majini imeitumia usiku kucha. Ukichota saa nane mchana utaona mto mzima kuliko ulivyo. Mvua ya kwanza baada ya ukame huosha vyoo na majaa, bakteria hupanda ghafla. Kwa hiyo pima kiangazi, pima masika, na usichanganye kwenye wastani mmoja. Sampuli ya bakteria iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Tulipoteza siku nzima ya kazi mwaka mmoja kwa sababu chupa zetu zilikaa juani mapokezini mpaka jioni, kisha tukapewa majibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Majibu yale hatukuyatumia.

Tuna pesa kidogo sana. Tuanze na nini?

Chandarua na beseni kwa mto. Sahani na kamba kwa ziwa au bwawa. Kwa bakteria kuna chupa yenye karatasi iliyotiwa dawa, njia iliyobuniwa India na kutangazwa mwaka 1982: unatia maji, unaiweka mahali pa joto siku moja hadi tatu, yakigeuka meusi ujue kuna dalili ya kinyesi. Joto la Mombasa linatosha, huhitaji mashine. Haikwambii ni kiasi gani, na chupa nyeusi isimwagwe ovyo. Itie dawa ya klorini kwanza.

Ukipata pesa zaidi, usinunue vipimo vingi vya kupima mara moja. Afadhali vinne, kila mwezi, mahali palepale, kwa miaka miwili.

Maji yamepata alama 90. Ninywe?

Hapana, mpaka uone bakteria wenyewe wameandikwa sifuri. Hakuna alama ya mto iliyotengenezwa kwa ajili ya kikombe. Chemsha au tia dawa.

Kwa nini sisi wa Mombasa tujisumbue na mito ya mbali?

Kwa sababu tunainywa. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba yetu hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Sabaki ndio Galana, Galana ndio Athi, na mito ya Nairobi inamwaga kwenye Athi. Mchanga wa Baricho unachuja mengi, namshukuru Mungu kwa mchanga ule. Lakini anayetoa alama ya mto kule juu anatuandikia na sisi, na tuna haki ya kuuliza alama hiyo ilipatikanaje.

Nikishikishwa ripoti leo, niulize nini?

Uliza orodha ya vipimo vyote kabla ya kutazama namba ya jumla. Uliza kipi kilipata alama ya chini kabisa, na kama bakteria wamo. Uliza siku, saa, na kama mvua ilikuwa imenyesha; ikiwa ni horini, uliza maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Uliza hesabu ilikuwa ya kujumlisha, ya kuzidisha au ya kutazama kibovu. Asiyeweza kukujibu hayo, mwombe orodha yenyewe kwenye karatasi uje nayo mtoni Jumamosi, tuisome pamoja.